Ngozi Isiyo na Mnyama

Kwa Mama Nanasi, siku huanza kwa kisu. Duka la jirani bado limefungwa, yeye yuko uani kwenye kigoda, anamenya. Ganda linaanguka huku, nanasi linaanguka kule. Mumewe hukata vipande, huvisaga, humimina juisi kwenye pipa, kisha huchukua mwiko wa mti na kukoroga. Mume huyu ni mfupi. Mwiko wenyewe unamzidi kimo.

"Juisi isiyokorogwa ni maji juu na matope chini," husema.

Mkono wake hauwezi kuona kitu cha majimaji ukatulia. Hukoroga supu ya watu. Hukoroga chai ya mgeni, hata mgeni akilia kwamba haina sukari.

"Kaka, hiyo ni dawa yangu ya kifua," dada yake alimwambia siku moja.

"Najua," alijibu, na kijiko kikaendelea kuzunguka.

Dada yake huyo anaishi nao. Ni mrefu, akipita mlangoni huinamisha kichwa. Mtaa mzima humwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Yeye hukaa dirishani, huuza juisi, na hujua habari za kila mtu.

Biashara ilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa nyuma ya nyumba. Huko ndiko maganda yalikotupwa. Gari la taka lilipita lilipotaka. Lundo likapanda, nzi wakahamia na ukoo wao wote. Jua likiwaka, maganda yalichuruzika maji ya njano hadi mlangoni kwa jirani. Jirani alivumilia, kisha akachoka, akaenda kushtaki.

Bwana Afya alikuja na buti zake. Alilizunguka lundo, mkono puani.

"Hapa mnauza juisi au mnafuga nzi?"

"Tunauza juisi, bwana," alisema Mama Nanasi.

"Basi nzi hawajaambiwa. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikilikuta lundo hili, dirisha lenu nalifunga. Sitaongeza neno."

Aliondoka. Mke na mume walitazamana. Dirisha lile ndilo lililowalisha na kuwavisha. Kingine hawakuwa nacho. Kuchoma maganda mabichi hakuwezekani. Kuchimba shimo nako hakuwezekani, ua wote ni saruji.

Ndipo mpangaji wao akaja.

Huyu alikuwa mwanamke kijana, mwenye maneno machache na mabeseni mengi. Walimpangisha chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo. Nguo zake zilinuka siki, kwa hiyo Shangazi alikuwa ameshambatiza jina: Dada Siki.

"Mama, maganda hayo nipeni mimi," alisema.

"Yote?"

"Yote. Kila siku."

"Na utatutoza nini?"

"Sitawatoza kitu. Nayahitaji."

Mama Nanasi alilitazama lundo. Mtu akikuomba kisu, unajua atakata. Akikuomba chumvi, unajua atapika. Akikuomba taka, je?

"Ya kazi gani, mwanangu?"

"Nafanya majaribio. Yakifaulu nitawaonyesha."

Alichukua karai la kwanza, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kufuli likalia.

Neno "majaribio" lilimkaa Shangazi kooni kama mwiba wa samaki.

"Wifi," alimwambia Mama Nanasi, "bure ni ghali. Mtu hafungii takataka kwa kufuli. Huyu anapika pombe haramu."

"Umeona pombe?"

"Nimeona moshi. Nimesikia sufuria ikitokota. Na harufu ile, wewe huisikii?"

"Naisikia. Lakini lundo limepungua, wifi. Nalo naliona."

"Litapungua lundo, itaongezeka kesi. Askari wakija, hawatamuuliza mpangaji. Watauliza, nyumba hii ya nani?"

Mume alisikia yote. Magunia yake ya sukari bado yalikuwa kwenye kona ya chumba kile, na kwa makubaliano alikuwa na ufunguo wa pili. Kila mchana Dada Siki akitoka, yeye aliingia kuchukua sukari. Siku hizo alianza kukawia humo.

Siku moja Shangazi aliweka jicho kwenye ufa wa mlango. Aliona mabeseni yamepangwa sakafuni, kila moja limefunikwa kitambaa cheupe na kuzungushiwa kamba. Yalikuwa yametulia kabisa, kama wagonjwa wodini. Kisha akaona ubao ukutani. Juu ya ubao ilitandazwa ngozi. Ilikuwa nyeupe, imelowa, inang'aa. Haikuwa na nywele hata moja.

Shangazi alikimbia hadi jikoni, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo.

"Wifi! Ngozi!"

"Ngozi ya nini?"

"Haina manyoya! Mbuzi ana manyoya. Ng'ombe ana manyoya. Nani hana manyoya, wifi? Nani?"

Mama Nanasi alitaka kucheka. Kicheko kikagoma. Aliweka kisu chini.

Kabla hajajibu, Dada Siki mwenyewe alitokea uani. Alibeba beseni na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nani anachezea mabeseni yangu?"

Ndani ya beseni mlikuwa na maji ya kahawia. Humo yalielea mabonge meupe, laini, yaliyochanika ovyo.

"Kila beseni ni hivi. Kazi yote imeharibika. Kuna mtu hapa hanitakii mema." Alimtazama Shangazi. "Juzi nilikuona mlangoni kwangu."

"Mimi?" Shangazi alishika kiuno. "Mimi nimechungulia, kuingia sijaingia. Mchunguliaji na mwizi si ndugu. Na wewe tuambie, ile ngozi uliyoitundika umemchuna nani?"

"Ngozi?"

"Usijitie hujui!"

"Basi," alisema Dada Siki. Alilitua beseni chini. "Mimi nahama. Maganda yenu bakini nayo."

Mama Nanasi aliyafikiria maganda. Aliliona lundo likirudi, na zile buti nyuma yake. Lakini aliiona pia pombe, na askari, na jina lake kituoni. Njia zote mbili zilikuwa na miiba.

"Hakuna anayehama," alisema. "Na hakuna anayenyamaza. Fungua mlango, mwanangu. Mchana huu, sote tukiona. Mume wangu, wewe pia njoo."

Mume alikuja polepole mno.

Ndani ya chumba mlikuwa na jiko, sufuria, chujio, mabeseni sakafuni na kabati refu. Dada Siki alinyoosha mkono, akashusha beseni dogo kutoka juu ya kabati. Akafungua kitambaa. Juu ya maji palielea kitu cheupe, kinene kama kidole. Kilikuwa kimejaza beseni lote, ukingo hadi ukingo.

Shangazi alirudi nyuma. "Kipo hai?"

"Hicho si hai. Ni nyuzi tupu. Walio hai ni waliozifuma. Wamo humo, lakini ni wadogo mno, macho hayawaoni. Ni bakteria."

"Ala! Sisi tunaambiwa tunawe mikono tuwaue, wewe unawafuga?"

"Si bakteria wote ni wabaya, Shangazi. Wanaogandisha maziwa yakawa mtindi nao ni bakteria. Hawa wangu ni wale wanaofanya siki. Ndiyo maana chumba kinanuka hivi."

"Na pombe iko wapi?" aliuliza Mama Nanasi.

"Hakuna pombe, mama. Nitakwambia kila kitu. Ganda la nanasi lina sukari iliyobaki. Nyinyi mnaitupa. Mimi nachemsha maganda, nachuja. Naongeza molasi kidogo, ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Kiwanda nacho kinaiona taka. Naongeza maji ya majani ya chai, kwa sababu sukari peke yake haiwashibishi. Naacha ipoe kabisa. Ukiwatia ikiwa moto, umewapika. Kisha natia mbegu."

"Mbegu gani?"

"Maji makali ya beseni lililotangulia. Humo ndimo walimo."

Mama Nanasi alisogea karibu. Alinusa. Ilikuwa siki kweli.

"Halafu?"

"Halafu wanapanda juu. Sukari iko chini, hewa iko juu. Wao wanakaa pale maji yanapokutana na hewa. Kila mmoja anakula sukari na kutoa uzi mwembamba. Uzi wa mmoja si kitu. Lakini wako wengi kupita hesabu, nyuzi zinapishana na kushikana, unakuwa utando. Kila siku unanenepa. Uzi huo ni selulosi, ileile iliyomo kwenye pamba na karatasi. Ndiyo maana nafunika kwa kitambaa, situmii kifuniko. Kitambaa kinazuia nzi na vumbi, lakini kinapitisha hewa."

"Kwa hiyo hiyo ngozi ukutani..."

"Ni utando kama huu, Shangazi, nao ulitoka juu ya kabati. Umeoshwa, unakaushwa. Sijachuna mtu."

"Sikusema mtu," alisema Shangazi. "Niliuliza tu."

"Na unataka kuifanyia nini?" Mama Nanasi hakuwa amemaliza.

"Vifuko vya miche. Kuna mwenye kitalu, amechoka na plastiki. Kila mche ukipandwa, kifuko kinachanwa, kinatupwa, shamba linajaa vipande visivyooza. Anataka kifuko kinachozikwa pamoja na mche. Nilimpa kipande akakifukia, kikaoza. Sasa anangoja vya kutosha, na mimi sina. Kila beseni nikifungua nakuta mabonge. Hili dogo tu ndilo zima."

"Mabonge yanaletwa na nini?"

"Na kukorogwa. Wafumaji hawa wanataka utulivu. Ukitikisa beseni, utando unazama. Ukikoroga, nyuzi zinavurugika kabla hazijashikana."

Mama Nanasi alitazama sakafuni, kwenye mabeseni yaliyoharibika. Akatazama juu ya kabati, pale lilipokuwa lile zima. Akamtazama wifi yake, ambaye kichwa chake kilikaribia dari. Mwisho akamtazama mume wake.

Mume alikuwa anasoma maandishi ya gunia la sukari kwa makini sana.

"Mume wangu."

"Naam."

"Kabati hili unalifikia?"

"Kwa nini nilifikie?"

"Nimekuuliza, unalifikia?"

"Mpaka nipate kigoda," alisema, na hapo hapo akajua amekwisha.

Shangazi aliegemea ukuta akacheka hadi machozi yakamtoka. "Kaka! Hata bakteria umewakoroga!"

"Nilitaka kujua kilichomo chini!" Mume alijitetea. "Kama ni pombe, si mimi nitakayekamatwa? Nilikoroga mara moja, nikaona maji."

"Na siku zilizofuata?" aliuliza Dada Siki.

"Siku zilizofuata..." Alitazama kiganja chake. "Huo ni mkono wenyewe, mwanangu. Nisamehe."

Dada Siki hakucheka. "Mngeniuliza."

"Na wewe ungetuambia," alisema Mama Nanasi. "Ulitia kufuli, tukatia maneno. Ukiificha kazi halali, unaivalisha nguo za haramu. Tumekosa, na wewe umekosa. Lakini mimi bado sijakuamini."

"Bado?"

"Maneno yako ni mazuri. Na tapeli naye maneno yake huwa mazuri. Nataka nitie mwenyewe, kwa mikono yangu, jikoni kwangu. Nikiona utando, nitaamini."

Siku hiyohiyo alichemsha maganda. Dada Siki alisimama pembeni, akielekeza kwa mdomo tu. Mama Nanasi alichuja, akatia molasi na maji ya chai, akangoja ipoe, akatia mbegu, akafunika. Shangazi alileta kigoda chake karibu na beseni, akawa mlinzi. Mume alipigwa marufuku. Akipita jikoni alipita mikono nyuma, kama mfungwa.

Utando ulikuja, mwembamba. Kisha yakaja madoa ya kijani yenye manyoya.

"Nilisema mimi!" Shangazi aliruka. "Uchafu mtupu!"

Dada Siki aliinama akatazama. "Huo ni ukungu. Kitambaa hiki mlikitoa wapi?"

Mke na wifi walitazamana. Kilikuwa kitambaa cha kufutia meza.

"Mwaga vyote, mama, usijaribu kuokoa. Ukiona rangi na manyoya, usiguse wala usionje. Chemsha beseni, chemsha na kitambaa, nawa mikono kwa sabuni. Wafumaji wetu ni wapole, mgeni mchafu akiingia anawashinda."

Mama Nanasi alirudia mwanzo. Safari hii kitambaa kilichemshwa, kikaanikwa, kikapigwa pasi. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na yeye alikuwa akimenya bila kusema neno. Maganda yaliyozidi aliyajaza kwenye madumu. Kama beseni hili nalo lingeoza, madumu yangerudi kwenye lundo.

Wateja walipokuja dirishani, Shangazi aliwapa juisi na taarifa.

"Leo wameanza. Ni kama utando wa maziwa yaliyopoa."

"Akina nani wameanza?"

"Wafumaji wetu. Usiseme kwa sauti, wako kazini."

Utando ulinenepa. Ulikuwa mweupe, hauna doa. Siku ya kuutoa, Mama Nanasi aliunyanyua kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kwa maji, unateleza. Dada Siki aliwaonyesha kuuchemsha kwenye maji yenye magadi kidogo, ili bakteria wafe na rangi itoke. Waliusuuza tena na tena hadi harufu ya siki ikaisha. Kisha wakautandaza kwenye ubao, juani.

Ulikauka ukawa mwembamba kama karatasi, rangi ya asali nyepesi. Shangazi alishika upande mmoja. Mume, kwa ruhusa maalumu, alishika upande wa pili. Wakavuta. Shangazi alikaza meno. Mume aliteleza akaketi sakafuni. Utando haukuchanika.

"Haya," alisema Mama Nanasi taratibu. "Nimeamini."

Alikwenda jikoni, akarudi na mabeseni yake mwenyewe.

Walianza kufanya kazi pamoja. Magunia ya sukari yalihamishwa, na ufunguo wa pili ukarudishwa kwa Dada Siki. Maganda yalipikwa asubuhi hiyohiyo yaliyomenywa. Makapi yaliyochujwa yalianikwa, na mfugaji wa ng'ombe akaja kuyabeba. Mume alipewa kazi ya kukoroga molasi kwenye sufuria, kabla haijatiwa mbegu. Alikoroga kwa raha zake zote, hakuna aliyemkataza.

Mwenye kitalu alikuja kutazama vifuko walivyoshona kwa tando zilizokauka. Naye hakuwa mtu wa kuamini upesi. Alitia udongo, akamwagia maji, akaninginiza.

"Kimelainika," alisema.

"Kimelainika, kimeachia?" aliuliza Shangazi.

Alingoja. Akatikisa. Akangoja tena. "Hakijaachia."

"Basi kinywe juisi hicho kinywa, kipumzike kulalamika."

Alikunywa, akacheka, akachukua vifuko vyote vilivyokuwepo. Aliwaomba watengeneze vingine.

Kisha buti zikasikika uani. Bwana Afya hakupiga hodi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Alikuta saruji kavu, imesuguliwa. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Lundo mmelihamishia wapi? Mmemtupia jirani gani?"

"Hatujamtupia mtu, bwana."

Alinusa. Macho yake yakaenda kwenye mlango wa chumba cha nyuma. "Nini kinanuka humo?" Aliingia. Aliona mabeseni yamefunikwa. Akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamata mwizi.

"Mnapika pombe. Chumba hiki cha nani? Nani anahusika hapa?"

Dada Siki alifungua mdomo. Alikuwa mpangaji, mabeseni yalikuwa yake, na lawama ingekuwa yake. Mama Nanasi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Alifuta mikono kwenye aproni, akasimama mbele.

"Sisi sote," alisema. "Uliza, nitakujibu."

Alimjibu. Alimwambia habari za sukari iliyobaki kwenye ganda. Alimwambia kwa nini kitambaa na si kifuniko, kwa nini maji yapoe, ukungu unafananaje na unamwagwaje. Hakuna mahali alipomtazama Dada Siki kuomba msaada. Bwana Afya aliinusa kila sufuria. Aliushika utando mkavu, akauvuta, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliutafuta uongo muda mrefu.

"Maji ya kusuuzia mnamwaga wapi?"

"Kwenye mfereji mkuu, bwana. Si kwa jirani."

"Wekeni ndoo ya kunawia hapa mlangoni. Na jiko hili lisogee mbali na ukuta."

"Tutasogeza leo."

Alirudisha utando mahali pake. Ilionekana kama jambo gumu kwake kuondoka bila kufunga kitu.

"Dirisha liendelee," alisema hatimaye. "Lakini nitarudi. Na sitawaambia siku."

"Karibu sana," alisema Shangazi. "Ila siku hiyo ukija na buti zako, kanyaga polepole. Wafumaji wetu hawapendi vishindo."

Bwana Afya alimtazama, akayatazama mabeseni yaliyotulia. Akatoka chumbani kwa ncha za vidole.